Bima na mazoezi ya mapafu Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika kliniki ya wagonjwa wa nje hapa Marekani. Ukishajulikana kwamba unaongea Kiswahili na lugha ya bima unaielewa kidogo, simu haipumziki. Anapiga mtoto wa mtu kutoka jimbo la mbali: mama anahema akipanda ngazi tatu, hospitali imemwandikia mazoezi ya mapafu, bima imejibu kwa barua ya kurasa nne na nyumba nzima hakuna aliyeielewa. Maswali hapa chini ndiyo yanayorudi. Mengi yanahusu Medicare, kwa kuwa wanaougua zaidi ni wazee na bima ya wazee ni hiyo.

Mazoezi ya mapafu ni nini hasa? Si fiziotherapia tu?

Jina lake kamili ni utengamao wa mapafu. Ni programu, si zoezi moja. Siku ya kwanza tunampeleka mgonjwa kwenye korido ya mita 30 yenye koni mbili, moja kila mwisho. Tunambana kidude cha kupima oksijeni kidoleni na kumwambia atembee dakika 6, kwa mwendo wake. Akichoka aegemee ukuta, ila saa haisimami. Katikati tunamwuliza: kutoka sifuri hadi kumi, pumzi inakubana kiasi gani? Mzee mmoja aliniambia "kumi na mbili", tukacheka, nikaandika kumi.

Baada ya hapo anakuja mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi miwili mitatu. Anatembea kwenye mashine, ananyanyua vyuma vidogo, anafundishwa kutumia dawa ya kuvuta inavyotakiwa (wengi huipulizia ulimi), na anajifunza kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Mapafu yenyewe hayaponi. Kinachobadilika ni miguu, moyo, na ile hofu ya kuishiwa pumzi inayomfanya mtu asitoke kitandani. Akiongeza mita 30 hivi kwenye zile dakika 6, hiyo ni tofauti anayoihisi mwenyewe akienda chooni usiku.

Ushahidi wake si wa kubahatisha. Mwaka 2015 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 65 ya wagonjwa wa COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, likahitimisha kwamba hakuna tena haja ya kulinganisha programu hii na matibabu ya kawaida. Jibu lilishapatikana.

Kama inafaa hivyo, mbona bima inabagua magonjwa?

Swali hili ndilo linalofungua mengine yote, kwa hiyo nivumilie.

Medicare hailipi kitu kwa sababu kinafaa. Inalipa kwa sababu sheria imekitaja. Hadi miaka ya 2000 sheria haikuwa na fungu la utengamao wa mapafu, na kila mkoa wa malipo ulikuwa na uamuzi wake: hapa wanalipa, jimbo la pili hawalipi. Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo MIPPA. Rais George W. Bush akaikataa kwa kura ya turufu. Tarehe 15 Julai 2008 mabaraza yote mawili yakampiku. Ndani ya sheria hiyo, katikati ya mambo ya malipo ya madaktari, kulikuwa na kifungu cha 144 kilichoanzisha rasmi fungu la utengamao wa mapafu kuanzia tarehe 1 Januari 2010.

Kifungu chenyewe hakikutaja ugonjwa; kanuni ya wakala wa Medicare iliyokifuata ndiyo iliyotaja mmoja tu: COPD, tena ukiwa wa kiwango cha kati hadi kikali sana. Ndiyo maana leo watu wawili wanaohema sawasawa wanaweza kukaa kwenye benchi moja, mmoja akalipiwa na mwingine akarudishwa. Si karani wa bima aliyeamka vibaya siku hiyo. Ni maneno ya kanuni ile.

Basi kwa Medicare nani anastahili?

Makundi mawili. La kwanza ni mwenye COPD ya kiwango cha 2, 3 au 4. Hicho kinapatikana kwa spirometria, kile kipimo cha kupuliza kwenye bomba. Hewa inayotoka sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya pumzi yote iliyotolewa, na pia chini ya asilimia 80 ya ile anayotarajiwa mtu wa umri na kimo chake, ameingia. Kundi la pili liliongezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2022: aliyeugua COVID-19, au kudhaniwa kuiugua, na dalili zikaendelea kwa wiki 4 au zaidi, ikiwemo shida ya kupumua. Si lazima awe alilazwa.

Kila mmoja anahitaji agizo la daktari na mpango wa matibabu ambao daktari anaupitia na kuutia saini kila siku 30. Saini ikichelewa, malipo yanakwama.

Mama hakuwahi kuvuta sigara. Watamwamini?

Sheria haiulizi habari ya sigara, inauliza kipimo. Mama aliyepikia kuni miaka arobaini kwenye jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na COPD kama ya mvutaji, na madaktari wa huku wakati mwingine hawalifikirii hilo hadi waambiwe. Mwambieni daktari waziwazi: kuni, mkaa, mafuta ya taa, miaka mingapi.

Nilimpokea mama mmoja wa Kagera ambaye karatasi yake iliandikwa "kuishiwa pumzi", basi. Bima ikakataa, na kwa maneno ya karatasi ile ilikuwa na haki: kuishiwa pumzi ni dalili, haimo kwenye orodha. Tukaomba apimwe kwa kupuliza. Ikatoka asilimia 54. Karatasi mpya ikaenda na namba hiyo pamoja na jina la ugonjwa, kibali kikarudi kabla wiki haijaisha. Hali yake ilikuwa ileile.

Ni mara ngapi, na tunachangia kiasi gani?

Vipindi 36, na kisichozidi viwili kwa siku. Kikihitajika zaidi, vinaweza kuongezwa 36 vingine kwa maelezo ya kitabibu, jumla 72 kwa maisha yote. Narudia: maisha yote. Kuhama jimbo hakufuti hesabu, wala kubadili hospitali. Kwa hiyo msianze programu mwezi mmoja kabla ya kwenda harusini Mombasa.

Kipindi kinahesabiwa kwa dakika: kimoja ni kuanzia dakika 31, na ili viwili vilipwe siku moja lazima zitimie 91. Mgonjwa akiondoka dakika ya 25 kwa sababu teksi imefika, kliniki haina cha kudai.

Malipo yako chini ya Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na huduma za wagonjwa wa nje. Kwanza unamaliza kiasi cha kuanzia cha mwaka (2025 kilikuwa dola 257), kisha unachangia asilimia 20. Tuseme bei iliyokubaliwa ni dola 60: unatoa 12, na kwa vipindi 36 ni dola 432. Mwenye bima ya nyongeza ya Medigap kwa kawaida halipi hizo, au analipa kidogo.

Ugonjwa wangu haumo kwenye orodha. Nimekwisha?

Hujakwisha. Umekosa mlango mmoja.

Wanaokwama hapa ni wenye mapafu yaliyokakamaa, yaani fibrosisi, wenye pumu, wenye njia za hewa zilizotanuka, na wale ninaowaona sana kati ya watu wetu: waliopona kifua kikuu zamani wakabaki na makovu. Huyu wa makovu aanze kwa kipimo cha kupuliza, kwani kifua kikuu mara nyingine huacha njia zilizoziba, na kipimo kikionyesha COPD ameingia kwa mlango mkubwa.

Isipokuwa hivyo, kuna mlango wa pili: huduma za kupumua zenye namba G0237, G0238 na G0239, ambazo hospitali nyingi hutumia kwa wagonjwa wasio na COPD. Masharti yake yanategemea kampuni inayoshughulikia madai ya Medicare eneo lenu.

Mlango wa tatu ni wangu: fiziotherapia ya kawaida. Hapa hatulipwi kwa jina la ugonjwa wa mapafu bali kwa kile ambacho mtu hawezi kukifanya. Hawezi kutembea hadi sanduku la barua, anayumba, miguu imeisha nguvu baada ya kulazwa. Hakuna hesabu ya vipindi 36. Kile kikomo cha zamani cha fedha cha mwaka 1997 kilifutwa mwaka 2018, kimebaki kizingiti: gharama za mwaka zikipita kiasi fulani (2025 kilikuwa dola 2,410, fiziotherapia ikijumlishwa na tiba ya usemi) tunaweka alama ya KX kwenye dai na kueleza kwa nini bado inahitajika. Tofauti ni kwamba mlango huu unakupa mazoezi ya mtaalamu bila kile kikundi, mafunzo na ufuatiliaji wa programu kamili. Kwa macho yangu ni nusu mkate. Lakini nimeona nusu mkate ukimtoa mtu kwenye kiti cha magurudumu.

Wameandika "hakuna maendeleo" wakamkatia fiziotherapia. Ni halali?

Kwa Medicare, sababu hiyo peke yake haitoshi. Kesi ya Jimmo dhidi ya Sebelius, iliyomalizwa kwa makubaliano ya mahakamani Januari 2013, ilithibitisha kwamba tiba yenye kuhitaji ujuzi inaweza kulipwa hata kama lengo ni kumzuia mgonjwa asizidi kudhoofika. Kinachoangaliwa ni kama kazi inahitaji mtaalamu. Ugonjwa wa mapafu hauendi mbele, sote tunajua. Mwambieni mtaalamu aandike kwa nini mgonjwa hawezi kufanya peke yake salama: oksijeni inashuka hadi ngapi, dakika ya ngapi, na nini kinamrudisha.

Tuko kwenye Medicare Advantage. Wanataka kibali cha awali, kisha wamekataa.

Medicare Advantage ni Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima. Kampuni hizi zinalazimika kulipia kile ambacho Medicare ya asili inalipia, na tangu 2024 kanuni zimewabana zaidi wasibuni masharti yao pale ambapo Medicare imeshaweka yake. Wanachoruhusiwa ni kudai kibali, kuwabana kwenye mtandao wa kliniki zao, na kupanga mchango wa kila kipindi. Huo mchango uulizeni mapema. Nimemwona mgonjwa aliyekubaliwa vipindi vyote akaacha cha tano, kwa kuwa kila akija anatoa dola ambazo ndizo nauli na mboga ya nyumbani.

Wakikataa, mna siku 65 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Mambo yakiwa ya haraka daktari anaweza kuomba majibu ndani ya saa 72. Kwenye rufaa msieleze huruma, elezeni vigezo: kiwango cha COPD, tarehe ya kipimo, agizo la daktari, matokeo ya dakika 6. Barua ya kukataa mara nyingi inataja kilichokosekana, kimefichwa ukurasa wa tatu. Jibuni hicho. Kwa Medicare ya asili ngazi ya kwanza ni siku 120, na ngazi zote ziko tano, ya mwisho mahakama ya shirikisho.

Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare chini ya mpango uitwao SHIP. Hawauzi bima, ndiyo sababu nawapenda.

Baba ana miaka 70, amekuja juzi. Anaingia Medicare?

Inategemea karatasi zake. Mwenye green card aliyetimiza miaka 65 anaweza kujiunga baada ya kuishi hapa miaka 5 mfululizo, ila asipokuwa na historia ya kazi ya takriban miaka 10, yake au ya mwenzi wake, Part A, sehemu ya kulazwa hospitalini, atainunua na si rahisi. Ndugu zetu wakimbizi, hasa kutoka Kongo, wasikie hili: sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza makundi ya wasio raia wanaoruhusiwa Medicare, na mkimbizi ambaye hajapata green card ametolewa kwenye orodha. Kwa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, mabadiliko kama hayo yamepangwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2026. Mkimbizi anaomba green card akishatimiza mwaka mmoja. Msiiache ikae kwenye droo.

Na Medicaid, au bima ya kazini?

Medicaid ni jimbo kwa jimbo, na majibu ya Texas hayakusaidii ukiwa Minnesota. Bima binafsi: huduma za utengamao zimo kati ya makundi kumi ya lazima ya sheria ya Obama ya 2010 kwa mipango inayonunuliwa na mtu mmoja mmoja, lakini idadi ya vipindi huwekewa kikomo. Ulizeni swali moja kwa simu, mkitaja namba za huduma 94625 na 94626: zinalipiwa, na ni vipindi vingapi kwa mwaka? Andikeni jina la aliyejibu na tarehe.

Tunahitaji mkalimani. Nani analipa?

Si nyinyi. Hospitali na bima zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bure. Msimtumie mjukuu wa miaka kumi kutafsiri habari za oksijeni.

Kwa nini programu iliyo karibu iko kilomita 80?

Hesabu haitoki. Kwa hospitali, kipindi cha utengamao wa mapafu kinalipwa na Medicare takriban nusu ya kile cha moyo, ilhali wafanyakazi, mashine na mgonjwa mwenye mtungi wa oksijeni ni kazi ileile. Meneja akitafuta pa kukata, anaanza hapo.

Halafu ipo sheria ya bajeti ya 2015, kifungu cha 603. Idara mpya ya hospitali iliyo zaidi ya yadi 250 kutoka jengo kuu, yaani mita 230 hivi, inalipwa kwa bei ya chini sana. Nia ilikuwa kuzuia hospitali zisinunue ofisi za madaktari na kuzibandika bei ya hospitali. Utengamao ukaumia njiani: hospitali iliyotaka kuhamisha programu kwenye jengo lenye maegesho mazuri, jambo ambalo mgonjwa wa mapafu analihitaji kuliko mtu yeyote, ikaona bora ibaki ghorofa ya tatu upande wa nyuma.

Matokeo yake? Mwaka 2012 ni chini ya asilimia 4 tu ya wagonjwa wa COPD wa Medicare waliopata huduma hii. Utafiti uliochapishwa 2020 ulifuatilia wagonjwa 197,376 waliotoka hospitalini mwaka 2014 baada ya COPD kuwazidia, ukakuta asilimia 1.5 tu walianza ndani ya siku 90. Hao walioanza mapema walikufa wachache zaidi katika mwaka uliofuata.

Kuna kinachobadilishwa bungeni?

Kuna kilichobadilika. Zamani ni daktari tu aliyeruhusiwa kusimamia vipindi, na hospitali ndogo ya kijijini ilikosa daktari wa kukaa karibu na mashine za kutembelea. Sheria ya 2018 iliwaruhusu wauguzi bingwa na wasaidizi wa madaktari kusimamia, ila kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Miaka sita ya kungoja kalenda.

Kinachopiganiwa sasa ni mambo mawili hasa. La kwanza ni kufanyia programu nyumbani kwa video. Wakati wa COVID hospitali ziliruhusiwa, kisha dharura ilipomalizwa tarehe 11 Mei 2023 ruhusa ya hospitali ikakatika. Muswada wa kuirudisha moja kwa moja umewasilishwa zaidi ya mara moja. Wa pili unataka kuondoa utengamao wa moyo na mapafu kwenye ile adhabu ya yadi 250. Chama cha wataalamu wa utengamao, AACVPR, hupeleka watu Washington kila mwaka kwa ajili ya mambo haya, na chama chetu cha fiziotherapia, APTA, kina ya kwake kuhusu malipo.

Fahamuni jinsi miswada inavyokufa. Si kwamba hukataliwa. Bunge moja ni miaka miwili, na hili la 119 linaisha Januari 2027. Ambacho hakijapita kinaanza upya, na namba mpya. Ukipiga simu kutaja namba ya muswada wa bunge lililopita, msaidizi atajua hujafuatilia.

Na si kila kitu kinahitaji bunge. COVID iliongezwa kwa kanuni ya wakala wa Medicare, CMS. Rasimu za malipo hutoka kila kiangazi, yeyote anaweza kuandika maoni kwa siku 60, na uamuzi hutangazwa Novemba. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa 2023 unapendekeza kwa nguvu utengamao kwa wenye fibrosisi, lakini malipo bado yanafuata orodha ya zamani. Kama ningekuwa na pumzi ya pambano moja tu, ningeitumia hapo.

Mimi si raia. Naweza kumwandikia mbunge?

Unaweza. Ofisi itakuuliza anwani, si pasipoti: unaishi kwenye jimbo lake, wewe ni mtu wake. Atakayepokea ni kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye mafaili mia. Mpe dakika tatu. Sema jina la mji, umbali wa kliniki, na namba mbili: "Mama alitembea mita 180 kwa dakika 6, baada ya programu 245. Kliniki imefungwa, iliyobaki ni kilomita 90." Kisha sema unachoomba, kitu kimoja. Muulize mbunge yuko kamati gani. Masuala haya hupitia Ways and Means au Energy and Commerce kwa Wawakilishi, na Fedha kwa Seneti. Piga tena baada ya wiki tatu.

Mama anakwenda nyumbani miezi minne. Medicare itamfuata?

Haitamfuata. Nje ya Marekani hailipi, ukiondoa hali chache sana. Kwa hiyo kabla hajaondoka tumuandalie karatasi ya mazoezi, tumpime dakika 6, na tumfundishe mtu wa huko kwa video. Wa safari ya mwisho alikuwa binti wa dada yake, Tanga. Uani kwao pana urefu wa mita 15, wakaweka ndoo mbili. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali, ndoo hadi ndoo, na kidude cha kidoleni tulichomfungia kwenye soksi ndani ya sanduku.